Mwanamke wa Katikati

Nchi yenyewe tuiache bila jina, maana wenyewe ni watu wa kushitaki. Inatosha kusema kwamba ilikuwa na bendera, mihuri ya kila ukubwa na mawaziri arobaini na wanane, na kwamba neno USAWA liliandikwa kwenye sarafu, kwenye stempu na juu ya lango la gereza kuu. Nchi yenye usawa mwingi kiasi hicho haikuwa na haja ya kuupima. Na kweli haikuupima, kwa miaka thelathini na mmoja, mpaka Wakopeshaji walipoleta barua.

Barua ilikuwa ya adabu sana. Ilisema mkopo wa kujenga makao mapya ya Wizara ya Usawa, ghorofa kumi na nane na lifti ya Waziri peke yake, ungetolewa mara tu serikali itakapothibitisha kwa takwimu kuwa pengo la mishahara baina ya wanaume na wanawake halizidi asilimia tano.

"Pengo lipi?" aliuliza Waziri wa Usawa, Mheshimiwa Dakta Bulungu, kwa mshangao wa kweli. "Nyumbani kwangu mke ndiye anayeshika pochi!"

Kazi ya kulitafuta pengo ikamwangukia Sikudhani Mapande, mtakwimu wa Idara ya Vipimo ya Wizara hiyohiyo. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini na kasoro moja iliyokuwa imemchelewesha kupanda cheo: akiulizwa swali, alikwenda kutafuta jibu.

Katika nchi hiyo mishahara yote, ya serikali na ya watu binafsi, ilipitia Mashine Kuu ya Mishahara, ili serikali ikate chake kwanza na mwenye jasho apewe kinachobaki. Sikudhani akaitoa orodha nzima. Akawapanga wanawake mstari mmoja, kutoka wa chini kabisa hadi wa juu kabisa, na wanaume vivyo hivyo. Wastani wa kujumlisha na kugawa hakuutaka. "Ukimfungia meneja wa benki chumba kimoja na wafagizi tisa," alizoea kuwaambia wenzake, "kwa wastani wote kumi wana magari." Yeye alimtafuta mtu aliyesimama katikati ya mstari, ambaye nusu ya wenzake wako chini yake na nusu wako juu yake.

Mwanamume wa katikati alipata shilingi laki nne na elfu kumi na mbili kwa mwezi. Mwanamke wa katikati, laki mbili, elfu thelathini na sita na mia tano. Pale mwanamume alipopata shilingi, mwanamke alipata senti hamsini na saba.

Katika kuipanga orodha alipita pia kwenye jina lake mwenyewe, na kwenye jina la Hamduni Sauko wa meza ya pili, ambaye Sikudhani mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Hamduni alimzidi kwa laki moja na elfu tisini. Sikudhani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Tarakimu zilikuwa zilezile.

"Dada Siku," Hamduni akamwita huku akitafuna karanga, "hivi asilimia mia na ishirini ya watu, inawezekana kweli?"

Sikudhani hakumjibu. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka tisa tangu aanze kumfundisha.

*

Mkurugenzi wa Idara, Bwana Tegemea Kasembo, aliishika ripoti kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa nepi ya mtoto wa jirani.

"Bi. Sikudhani, umepima vibaya."

"Kosa liko wapi, Mkurugenzi?"

"Kwenye jibu."

Kasembo akaunda kamati ya wataalamu saba, ikakaa hotelini wiki tatu kulirekebisha jibu. Ilishauri mishahara igawanywe kwa saa za kazi, kwa kuwa mvivu hawezi kulinganishwa na mchapakazi. Kisha ikafafanua saa ya kazi ni nini. Mfagizi, ilisema, yuko kazini pale tu ufagio unapogusa sakafu, ukiinuka, anapumzika. Mkurugenzi, kwa upande wake, yuko kazini hata akiwa usingizini, kwani ndoto za mkurugenzi ni mali ya serikali. Kwa hesabu hiyo ikadhihirika kuwa kwa kila saa mfagizi alipata mara nne ya Bwana Kasembo, na wajumbe wakamtazama kwa kijicho mama aliyekuwa akifagia ukumbi wao.

Lakini Wakopeshaji, watu wasio na shukrani, waliandika kuuliza ilikuwaje pengo likageuka, sasa wanaume wakawa ndio wanaoonewa. Kasembo akatokwa jasho. Akamchukua Sikudhani na makaratasi yake, wakaenda kwa Waziri.

Dakta Bulungu alisikiliza maelezo yote akiwa amefumba macho, kama desturi yake alipokuwa akifikiri na pia alipokuwa hafikiri. Aliposikia "mwanamke wa katikati" akayafumbua.

"Huyu ni nani?"

"Mheshimiwa, si mtu hasa," alisema Sikudhani. "Ni nafasi kwenye mstari."

"Nafasi hailipwi mshahara. Ana jina?"

Sikudhani akatazama orodha. "Mwajina Kitoi. Mpakiaji, kiwanda cha sabuni."

"Na mwanamume?"

"Sefania Mkude, karani wa bohari."

Waziri akainuka. Akazunguka meza yake, safari iliyochukua muda.

"Yaani fedheha yote hii ya taifa ni watu wawili? Huyu mama tukimpandisha akawa sawa na huyu bwana, pengo linabaki kiasi gani?"

Sikudhani akapiga hesabu haraka pembeni mwa karatasi.

"Kwa karatasi, Mheshimiwa, halibaki kitu. Lakini akipandishwa hatakuwa wa katikati tena. Atasogea juu, na nafasi yake itashikwa na mwingine."

"Hatasogea." Waziri alitabasamu kama baba anayemsamehe mtoto. "Nitamteua. Jina lake litatoka katika Gazeti la Serikali. Mtu aliyeteuliwa kuwa katikati hawezi kutoka katikati bila idhini yangu."

Kasembo akapiga makofi, kisha akaomba ruhusa ya kutoa machozi. Akaruhusiwa.

*

Sikudhani ndiye aliyetumwa kwenda kumpa Mwajina Kitoi habari za uteuzi wake. Alimkuta kwenye ukumbi wa kupakia, kati ya wanawake sitini waliosimama, maana viti vilisemekana kuchosha. Alikuwa mnene, mcheshi wa uso, na ngozi ya mikono yake ilikuwa imebambuka kwa magadi hadi kwenye viwiko.

"Mimi wa katikati? Katikati ya nini, dada?"

Sikudhani akamweleza polepole, akichora mstari kwa kidole juu ya vumbi la sabuni. Hapa wa chini kabisa. Hapa wa juu kabisa. Na hapa wewe.

Mwajina aliutazama mstari ule, jicho likaenda upande wa chini.

"Hawa wa upande huu ni wangapi?"

"Walio chini yako? Laki moja na elfu ishirini."

"Wanalipwa chini ya huu mshahara wangu?"

"Ndiyo."

"Wanakula nini?"

Katika miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumuuliza Sikudhani swali hilo, na fomu zake hazikuwa na kisanduku chake. Alisema tu kwamba kuanzia mwezi ujao Mwajina angepata laki nne na elfu kumi na mbili. Wanawake waliokuwa karibu wakapiga vigelegele. Mwajina mwenyewe alicheka, akafuta macho, akauliza kama mdogo wake Chausiku, anayefagia soko kuu, naye yumo.

"Hapana," alisema Sikudhani. "Ni wewe tu."

Aliporudi ofisini alikuwa na hasira ya mtu mpole, ambayo ni mbaya kuliko zote kwa sababu inajua kuandika. Ikatokea kwamba wanasheria wa Wizara, kumi na mmoja kwa jumla, walishindwa kuandika katikati ni wapi. Kila mmoja aliiweka karibu na alipokuwa amekaa. Kasembo akamrudishia Sikudhani kazi hiyo. Naye, chini ya kifungu cha kwanza kilichompandisha Mwajina, akaongeza cha pili: Mwanamke wa Katikati akitoka katikati kwa sababu ya kupandishwa, Mashine Kuu itamtafuta papo hapo aliyeshika nafasi yake, naye atapandishwa vivyo hivyo.

Waziri alikisoma kifungu hicho kwa sauti, mara mbili.

"Si tumekubaliana kwamba hawezi kutoka?"

"Hawezi, Mheshimiwa," alisema Kasembo.

"Basi hakina madhara. Kiacheni. Kina lugha nzuri."

Akatia sahihi.

*

Pengo lilizikwa kitaifa, kwenye uwanja wa michezo, siku ya Ijumaa. Nasema lilizikwa na nina maana hiyo: jeneza lilitengenezwa, likaandikwa PENGO kwa rangi nyeupe, likabebwa na wanaume sita waliolipwa posho ya ubebaji. Wanawake mia mbili waliopika pilau la mazishi hawakulipwa, kwa kuwa kupika kwao kulihesabiwa kuwa ni furaha.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Dakta Bulungu. "Wapo waliosema kwamba usawa ni safari ndefu. Sisi tumefika kabla ya chakula cha mchana!"

Mjumbe wa Wakopeshaji, kijana mwenye miwani ya jua, alipeana mkono na Mwajina Kitoi, akapiga naye picha, akampa kalamu. Mkopo ukatoka Jumatatu. Msingi wa ghorofa kumi na nane ukaanza kuchimbwa Jumanne, na shimo la lifti ndilo lililotangulia.

Kisha ukafika mwisho wa mwezi.

Mashine Kuu, ambayo haikuwa imehudhuria mazishi, ilisoma sheria kama ilivyoandikwa. Ikampandisha Mwajina Kitoi. Ikaona kwamba katikati sasa amesimama mwanamke aliyekuwa hatua moja juu yake, mshona magunia. Ikampandisha. Ikamkuta aliyefuata, mkunga wa zahanati. Ikampandisha. Ilifanya hivyo asubuhi nzima bila kupumzika wala kudai posho ya kikao, na ilipofika saa sita mchana ilikuwa imewapandisha wanawake elfu hamsini na nane, mia mbili na kumi na wawili. Hapo yule wa katikati akawa kweli ana laki nne na elfu kumi na mbili, na Mashine ikatulia.

Mitaani watu walikumbatiana na wasiowajua. Maduka ya vitenge yaliishiwa. Sikudhani, ambaye mshahara wake ulikuwa juu ya mpaka huo na hakupata hata senti, alikaa mezani kwake akiwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata kwa fedha. Alijiona mjanja. Aliona kwamba serikali nzima ameiweka mfukoni kwa sentensi moja.

Furaha ilidumu siku tatu. Siku ya nne Mwajina alikuja ofisini, amevaa viatu vipya, uso umekunjamana.

"Dada, nimekuja kushukuru," alisema, wala hakukaa. "Kiwandani msimamizi wetu amepata. Mke wa mhasibu amepata. Lakini wale wanaopika gundi, walio chini yangu, hawajapata. Chausiku hajapata. Nimewauliza wengi. Wote waliopata ni walionizidi."

Sikudhani alishusha macho. "Ndivyo sheria inavyokwenda. Ukimpandisha wa katikati, nafasi inashikwa na aliye juu yake. Inapanda tu. Haishuki."

"Walio chini hawaguswi?"

"Hata walipwe kipande cha muhogo, katikati haitikisiki."

"Ulijua hivyo ulipoiandika?"

Sikudhani akainua macho.

"Nilijua," alisema Sikudhani. "Ndicho nilichoweza kupata."

"Wewe ndiye uliyeniambia wako laki moja na elfu ishirini," Mwajina alisema taratibu, bila ukali, na hilo ndilo lililomchoma. "Nami nikaona huyu dada angalau amewahesabu. Kumbe kuhesabiwa ni kitu kimoja, na kuonwa ni kingine."

Akaaga, akaondoka. Sikudhani hakula siku hiyo. Alijaribu kujiambia kwamba elfu hamsini na nane ni wengi, na ni wengi kweli. Lakini kila alipofumba macho aliona kidole chake kikichora mstari kwenye vumbi la sabuni, na jicho la Mwajina likienda upande wa chini.

*

Waziri alipoletewa hesabu ya mshahara wa mwezi ule alifikiri wameongeza sifuri kwa bahati mbaya. Alipoelezwa, alikimbilia bungeni, na huko akatoa hotuba ambayo wasikilizaji walisimama kuishangilia mara kumi na saba, mara mbili kati ya hizo akiwa anakunywa maji.

"Waheshimiwa! Hii katikati ni kitu gani? Imetoka wapi? Mababu zetu walikuwa na mbele, walikuwa na nyuma, walikuwa na juu na chini. Katikati ni fikra ya kigeni iliyoletwa kutugawa!"

Sheria ya Kufuta Katikati ikapita bila kupingwa. Kuanzia tarehe ile ilikuwa ni kosa kwa mtu yeyote kuwa katikati, au kumtafuta aliyeko huko. Nyongeza zote zingerudishwa kwa kukatwa kwenye mishahara, pamoja na riba. Wakopeshaji walipouliza vipi sasa kuhusu pengo, walijibiwa kwamba pengo limeshazikwa na dini zote nchini zinakataza kufukua maiti. Jibu likawaridhisha. Lilikuwa na muhuri.

Sikudhani akaambiwa ana siku mbili za kukabidhi ufunguo wa Mashine Kuu kwa Hamduni Sauko, aliyekuwa amepandishwa cheo kuwa Mtakwimu Mkuu.

Siku ya kwanza alikabidhi mafaili. Siku ya pili, Hamduni alipotoka kwenda kununua karanga, aliifungua Mashine na kuipa kazi moja ya mwisho. Haikuwa ya kumpandisha mtu, wala haikuwa na vifungu. Katika hati ya mshahara ya kila mwanamke nchini, kuanzia aliye chini kabisa, chini ya jina, kazi na malipo, Mashine ingechapa mstari mmoja zaidi.

Aliogopa kama mtu mwingine yeyote. Alikuwa na mama mgonjwa na kodi ya nyumba. Hata hivyo akabonyeza.

*

Kamati ya Nidhamu ilikutana siku iliyofuata malipo. Wajumbe walikuwa tisa, wanaume wote, na mwenyekiti akawa Bwana Kasembo. Kwanza walitia sahihi kupokea posho ya kikao. Pili, posho ya kusubiri kikao. Kisha Sikudhani akaitwa na kusimamishwa mbele ya meza ndefu.

"Unashitakiwa," Kasembo alisoma, "kwamba kwa makusudi na bila kibali ulisababisha watumishi kujua."

"Kujua nini, Mkurugenzi?"

"Shitaka linaishia hapo. Je, unajuta?"

Sikudhani alifikiri. Alikuwa amejiandaa kuomba radhi. Maneno alikuwa amekwisha kuyapanga njiani.

"Najuta kwamba sikuanza na hilo," alisema.

Wajumbe wakaguna. Mmoja alipendekeza afukuzwe, mwingine afukuzwe kisha ashitakiwe, wa tatu akauliza kama chai itachelewa. Haikuchelewa. Mlango ukafunguliwa na Bi. Mastura, mpika chai wa Wizara, mama wa miaka sitini aliyekuwa amewahudumia wakurugenzi sita na kuzika watatu. Aliiweka birika mezani. Lakini hakumimina. Alijifuta mikono kwenye khanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mkurugenzi, uniwie radhi," alisema. "Macho yangu hayashiki maandishi madogo. Hebu nisomee hii, mwanangu."

Kasembo alipenda sana kuonekana mwenye huruma mbele ya watu. Akaipokea kwa tabasamu, akaikunjua, akaanza kusoma kwa sauti yake nzuri ya mikutano.

"Jina: Mastura Binti Mwinyi. Kazi: kupika na kugawa chai. Malipo: shilingi elfu tisini na nne. Mwanamume afanyaye kazi kama yako, ghorofa ya tatu: shilingi laki moja, elfu hamsini na..."

Akaishia hapo, akainua macho.

Ndipo alipoona kwamba mlango haukuwa umefungwa. Hapo kizingitini walisimama wapiga chapa, na nyuma yao wafagizi, na nyuma yao muuguzi wa zahanati ya Wizara na wale wa jikoni, na ushoroba ulikuwa umejaa mpaka kwenye ngazi, na ngazi zilikuwa zimejaa mpaka barabarani. Wengine hawakuwa hata wa Wizara. Mmoja, mnene, alikuwa na mikono iliyobambuka hadi kwenye viwiko. Kila mmoja alikuwa na karatasi. Hakuna aliyepiga kelele. Walikuwa wakisikiliza tu, kama watu walioitwa kwenye mkutano na wakafika kwa wakati.

"Malizia, baba," alisema Bi. Mastura.

"Elfu hamsini na moja," alinong'ona Kasembo.

"Soma tena. Kwa sauti. Hawa walioko nyuma hawajasikia."

Kasembo akawatazama wenzake wanane. Wote walikuwa wakichunguza vikombe vyao vitupu. Akamtazama Sikudhani, na Sikudhani akavuta kiti kilichokuwa karibu, akakaa, bila kukaribishwa.

Kasembo akasafisha koo. Akasoma tena.